Brønnøysund: uwanja mdogo, bili kubwa, na ndege zinazozeeka

Mjadala wa viwanja vidogo vya ndege vya pwani ya Norwei hauishi. Kila serikali inapokaa kupanga mpango wa taifa wa usafiri, hesabu hutolewa upya mezani: nchi ya watu takriban milioni 5.5 ina viwanja zaidi ya 40 vya safari za kawaida, na vingi vina njia fupi ya kurukia, mita 800 hivi, pembezoni mwa miji ya watu elfu chache. Kuna wanaosema huu ni mzigo ambao abiria wa Oslo na Bergen wamebebeshwa bila kuulizwa. Kuna wanaojibu kwamba pwani bila viwanja hivyo itabaki na wazee na nyumba za likizo. Nimeufuatilia ubishi huu kwa muda, na naona pande zote mbili zinazungumza sana juu ya lami na kidogo mno juu ya ndege zitakazotua juu yake. Nitautumia mji mmoja, Brønnøysund, kwa sababu karibu hoja zote zinakutana hapo.

Brønnøysund uko kusini mwa mkoa wa Nordland, karibu na katikati ya urefu wa pwani ya Norwei. Ni mji wa watu takriban 5,000. Ukitazama ramani kwa haraka utadhani uko karibu na kila kitu, kumbe pwani hiyo imekatwakatwa na fyodi, zile hori ndefu za bahari zinazopenya katikati ya milima. Kwenda Sandnessjøen, mji jirani upande wa kaskazini, barabara ya pwani inakupandisha vivuko viwili. Kwenda Mo i Rana ni zaidi ya saa tatu za gari. Kwenda Trondheim, jiji lenye hospitali kubwa na chuo kikuu, ni zaidi ya saa tano barabara ikiwa nzuri, na majira ya baridi si kila siku inakuwa nzuri. Kwa ndege, safari hiyo ya Trondheim haifiki saa moja.

Uwanja wenyewe ulifunguliwa mwaka 1968, pamoja na vya Namsos, Sandnessjøen na Mo i Rana. Kabla ya hapo watu wa pwani walikuwa wakipanda ndege za kutua majini, ambazo wakati wa giza na bahari chafu hazikuweza kufanya kazi. Waziri wa usafiri wa wakati huo, Håkon Kyllingmark, mwenyewe mtu wa kaskazini, alisukuma wazo ambalo wengi waliliona la ajabu: badala ya kusubiri fedha za kujenga viwanja vikubwa, jenga vingi vifupi, kisha tafuta ndege inayoviweza. Ndege hiyo ilikuwa Twin Otter ya Kanada, yenye viti visivyozidi 20, na shirika la Widerøe likaanza kuzirusha. Wazo lilikubalika, na mwaka 1971 likahamia kwenye fyodi za magharibi, Florø, Førde, Sogndal na kwingineko, kisha likapanda hadi Finnmark, mkoa wa kaskazini kabisa. Nalikumbusha hili kwa sababu mpangilio wake ndio chanzo cha tatizo la leo. Norwei ilijenga viwanja kwa kutegemea kwamba daima kutakuwa na kiwanda mahali fulani duniani kinachotengeneza ndege ya kutua katika mita 800.

Tuanze na wanaoutetea uwanja. Hoja yao ya kawaida ni kwamba uwanja unaleta uchumi, na wanaoupinga hujibu upesi kwamba uchumi wa pwani hiyo ni samaki na mawe. Wanaopinga wana haki kwa sehemu. Samaki aina ya salmoni wanaofugwa kwenye mabwawa ya Helgeland, yaani kusini mwa Nordland, huondoka kwa malori, na chokaa inayochimbwa Velfjord, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Brønnøy, huondoka kwa meli. Hakuna mzigo wa maana unaopita kwenye mlango wa uwanja ule. Wanaopita ni watu: daktari wa mifugo wa samaki, fundi wa mtambo, mkaguzi, mwanasheria, mwanafunzi anayerudi nyumbani Krismasi.

Lakini kuna jambo moja la Brønnøysund ambalo miji mingine ya ukubwa wake haina. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980, dola ya Norwei iliamua kuweka huko ofisi kuu za usajili za taifa. Kampuni zote za nchi nzima zinasajiliwa Brønnøysund, na rehani za mali zisizo ardhi pia. Mtu akianzisha duka la baiskeli Oslo, jina lake linaingia katika daftari linalotunzwa na mji wa watu 5,000 mwambao wa kaskazini. Mamia ya watu wameajiriwa huko, wengi wakiwa wanasheria na wataalamu wa kompyuta. Uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa, wa kusambaza kazi za serikali nje ya mji mkuu, na umefanikiwa. Ila haukuweza kusimama peke yake. Ofisi ya taifa inahitaji viongozi wake wahudhurie kikao Oslo na kurudi, na inahitaji kumshawishi kijana msomi kwamba kuhamia pwani hakumtengi na nchi. Ukiuondoa uwanja, unaifuta pia hoja iliyoipeleka ofisi hiyo kule. Anayepiga hesabu ya uwanja kwa tiketi peke yake anaisahau nusu hiyo ya pili.

Pia kuna helikopta. Wafanyakazi wa maeneo ya mafuta na gesi ya Norne na Skarv, katika Bahari ya Norwei, husafirishwa kutoka Brønnøysund. Norne ilianza kutoa mafuta mwaka 1997, na tangu hapo uwanja huu umekuwa na kazi ambayo takwimu za safari za ndege za kawaida hazioneshi vizuri.

Na kuna jambo ambalo mimi naliona kuwa zito kuliko yote: Brønnøysund ni kituo cha ndege za kubebea wagonjwa, za mabawa na helikopta pia. Hospitali za Helgeland ziko Sandnessjøen, Mosjøen na Mo i Rana, na kesi kubwa hupelekwa Bodø, Trondheim au Tromsø. Mama mwenye uchungu wa mapema, mvuvi aliyepigwa na winchi, mzee aliyepata kiharusi usiku wa dhoruba, hawa hawawezi kusubiri kivuko. Watu wa Oslo husema helikopta inatosha. Helikopta ni ya thamani sana, lakini barafu angani na umbali mrefu huizuia mara nyingi zaidi kuliko ndege ya mabawa yenye mfumo wa kuondoa barafu. Ndege hiyo inahitaji lami, taa, gari la kuondoa theluji na mtu aliye macho saa nane usiku. Vitu hivyo vyote vinalipiwa na uwanja ambao mchana unapokea wafanyabiashara.

Sasa upande wa pili, na sitaupunguzia nguvu yake.

Viwanja karibu vyote vinaendeshwa na Avinor, kampuni ya serikali, kwa utaratibu wa kikapu kimoja: viwanja vichache vikubwa vinavyopata faida, Oslo Gardermoen kikiwa mbele, hubeba vile vingi vinavyopata hasara. Sehemu nzuri ya mapato ya Gardermoen hutoka kwenye maduka yasiyotozwa ushuru, mahali ambapo Wanorwei wanaorejea kutoka ng'ambo hununua pombe kwa bei nafuu kuliko mjini. Yaani, taa za njia ya kurukia ya mji wa pwani huwashwa kwa sehemu na chupa za divai za watalii wanaorudi kutoka Hispania. Utaratibu huo ulifanya kazi miaka mingi bila mtu kuuhoji, kisha ikaja korona, mapato yakaporomoka, na ikaonekana jinsi unavyotegemea kitu chembamba. Mashirika makubwa ya ndege nayo hulalamika kwamba ada zao za kutua zinalipia huduma ya umma ambayo ingepaswa kutoka kwenye bajeti ya serikali waziwazi, ijadiliwe bungeni kama barabara na shule. Hoja hiyo ni ya haki. Huduma ya lazima isifichwe ndani ya bei ya manukato.

Juu ya hiyo kuna ruzuku ya pili. Njia nyingi za viwanja vifupi haziwezi kujilipa, kwa hiyo serikali huitisha zabuni na kumlipa mwendeshaji arushe idadi fulani ya safari kwa bei isiyozidi kiwango kilichowekwa. Utaratibu huo umekuwepo tangu 1997, na Widerøe imeshinda sehemu kubwa ya zabuni karibu kila mara, mara nyingi bila mpinzani wa maana. Kwa muda mrefu wakazi wa pwani walilalamika kwamba tiketi ya dakika za mwisho kwenda Oslo ilikuwa ghali kuliko wiki ya likizo ya kusini. Serikali ikasikia, na kuanzia Aprili 2024 viwango hivyo vya juu vya bei kwenye njia za ruzuku vikapunguzwa kwa nusu. Nafuu hiyo ni ya kweli kwa familia. Lakini bei ikishuka, abiria huongezeka, na viti haviongezeki vyenyewe. Ndege zikajaa, na mtu anayehitaji kusafiri kesho asubuhi akakuta hakuna nafasi. Kushusha nauli bila kuongeza ndege ni kumpa mtu haki ya kusafiri halafu kumnyima kiti.

Halafu kuna Narvik. Wanaotaka kufunga viwanja huutaja mji huu kwanza, na wana sababu. Narvik ulikuwa na uwanja wake mfupi, Framnes, ndani kabisa ya mji, na uwanja mkubwa wa Evenes ulikuwa upande wa pili wa fyodi. Likajengwa daraja la Hålogaland, safari ya Evenes ikafupika ikawa ya chini ya saa moja, na uwanja wa mjini ukafungwa. Maisha yakaendelea. Mtu wa Narvik leo ana ndege kubwa, safari nyingi zaidi za Oslo, na eneo zuri la kujenga mahali palipokuwa na lami. Kwa nini Brønnøysund isifanye vivyo hivyo?

Jibu liko kwenye daraja, na pia kwenye tarehe. Framnes ulifungwa mwaka 2017. Daraja lilifunguliwa Desemba 2018. Hata pale ambapo hoja ya kufunga ilikuwa bora kuliko popote nchini, watu walinyang'anywa kitu cha zamani zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya kupewa kipya. Sidhani hilo lilikuwa ajali ya ratiba tu. Kufunga kunaokoa fedha mara moja, na kujenga kunazitumia, kwa hiyo kalamu ya kufunga daima itakuwa nyepesi zaidi mkononi mwa mpangaji. Tena Brønnøysund haina daraja la aina hiyo lililo njiani. Uwanja mkubwa unaojengwa Mo i Rana tangu 2022, wenye njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita mbili, utawafaa sana watu wa Rana, na viwanda vya huko vilistahili kuupata. Miji ya pwani ina hofu kwamba jeti za Mo i Rana zitawavuta abiria wao wa Oslo na kuacha ndege ndogo zikiruka nusu tupu, hadi siku moja mtu wa hesabu aseme "mnaona, hamzitumii". Hofu hiyo ina msingi kwa Mosjøen, ulio karibu na Mo i Rana. Kwa Brønnøysund, zaidi ya saa tatu za barabara ya majira ya baridi hazimvuti mtu kirahisi.

Suala la usalama nalo haliwezi kupitwa. Kati ya 1982 na 1993 Widerøe ilipata ajali nne zilizoua watu 62. Ya kwanza ilikuwa karibu na Mehamn huko Finnmark, watu 15. Iliyoua wengi zaidi ilitokea hapa hapa: tarehe 6 Mei 1988, ndege aina ya Dash 7 ikitokea Namsos ilikuwa ikikaribia Brønnøysund, ikashuka mapema kuliko ilivyopaswa, ikaugonga mlima Torghatten, ule wenye tundu linalopenya katikati yake na unaopigwa picha na kila mtalii. Wote 36 waliokuwemo walikufa. Mwaka 1990 upepo mkali uliiangusha Twin Otter muda mfupi baada ya kuruka Værøy, kisiwa cha Lofoten, watu watano wakafa, na uwanja huo haukufunguliwa tena kwa safari za kawaida. Kisiwa kikapewa helikopta ya kwenda Bodø, ambayo inaendelea hadi leo. Namsos ikafuata mwaka 1993, sita wakafa.

Wapo waliosema wakati huo kwamba ajali hizo zilithibitisha ubaya wa viwanja vifupi. Ukiziangalia moja moja, picha ni tofauti. Værøy ilikuwa kweli mahali pabaya, upepo unapogeuka kwenye milima ya kisiwa hakuna ufundi unaousaidia, na kuufunga ulikuwa uamuzi sahihi. Torghatten na Namsos zilitokea ndege zikiwa bado kilomita kadhaa kutoka uwanjani, gizani au mawinguni, wafanyakazi wa ndege wakiwa wamepoteza hesabu ya urefu wao. Urefu wa lami haukuhusika. Dawa ilikuwa mafunzo, nidhamu ya chumba cha marubani na vifaa bora vya kuongozea. Dawa hiyo ilitolewa. Mwaka 2007 Brønnøysund ukawa uwanja wa kwanza kutumia katika safari za kawaida mfumo wa kutua kwa satelaiti uliotengenezwa kwa ajili ya viwanja hivi vifupi, ambavyo milima yake huzuia mitambo ya kawaida. Tangu Namsos, Widerøe haijapoteza abiria hata mmoja kwenye ajali. Miaka zaidi ya 30 katika hali ya hewa ile ni kazi inayostahili heshima, na anayesema viwanja hivi ni hatari kwa asili yake anapaswa kwanza kuieleza rekodi hiyo.

Gharama pia zimejaribiwa kupunguzwa kwa njia nyingine. Tangu 2019, uwanja wa Røst, kisiwa kidogo cha Lofoten, unaongozwa kwa kamera kutoka kituo kilichoko Bodø, na viwanja vingine vimefuata. Mjini hilo huonekana kama akiba nzuri. Kisiwani linaonekana kama kazi chache za kudumu zimeondoka. Yote mawili ni kweli, na kwangu akiba hiyo inakubalika maadamu inasaidia uwanja ubaki.

Sasa ndege zenyewe. Zinazobeba mtandao huu leo ni Dash 8 za zamani, zenye viti 39. Msomaji wa Tanzania anaijua familia hiyo: Bombardier za ATCL zinazokwenda mikoani ni ndugu zao wakubwa, aina ya Q400, ambazo zinahitaji njia ndefu zaidi. Hizi ndogo zilianza kutumika Widerøe mwaka 1993 na utengenezaji wake ulisimama miongo miwili hivi iliyopita. Zinarefushiwa maisha kwa matengenezo makubwa, na zinaruka vizuri, lakini spea ni adimu zaidi kila mwaka, na ndege moja ikiharibika asubuhi miji mitano hukosa safari, kwa kuwa ndege hiyo hiyo hutua kituo baada ya kituo kama basi. Njia ya Brønnøysund ina mita 1,200 hivi, ndefu kuliko za majirani wengi, ila hilo halimkomboi: ndege inayotua hapo inatoka au inakwenda kwenye uwanja wa mita 800, kwa hiyo mfupi kuliko wote ndiye anayeamua aina ya ndege kwa mtandao mzima.

Norwei iliweka matumaini kwenye umeme. Avinor ililenga safari za ndani ziwe za umeme kufikia 2040, na Widerøe ikaungana na Tecnam ya Italia na Rolls-Royce ili kurusha ndege ndogo ya umeme ifikapo 2026. Mwaka 2023 Tecnam ikausimamisha mradi, betri zikiwa hazijafikia uwezo uliotakiwa. Kiwanda cha ATR kilikuwa kinaunda toleo la kutua katika mita 800. Novemba 2024 kikaachana nalo. Heart Aerospace ya Uswidi, iliyokuwa ikiahidi ndege ya viti 30, ikahamishia shughuli zake Marekani. Milango mitatu imefungwa ndani ya muda mfupi, na katika miaka hiyo hiyo wanasiasa walikuwa wakibishana kuhusu nauli.

Hapa ndipo ninapowalaumu watetezi wa pwani, ambao kwa mengine niko upande wao. Wamepigania uwanja usifungwe kwa uhodari mkubwa, wameandamana, wamewashinda watu wa hesabu mara nyingi. Lakini uwanja hauhitaji kufungwa na mtu ili ufe. Siku Dash 8 za mwisho zitakapokosa spea, uwanja wa mita 800 utakuwa wazi, taa zikiwaka, na hakuna cha kutua isipokuwa Twin Otter ya viti 19, ile ile ya 1968, ambayo bado inatengenezwa. Tutakuwa tumerudi tulikoanzia, kwa abiria walio wengi mara nyingi zaidi. Na wale wanaotaka kufunga wanaweza kukaa kimya tu na kusubiri.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Uwanja wa Brønnøysund ubaki, na gharama yake ihamishwe kutoka kwenye kikapu cha Avinor hadi kwenye bajeti ya serikali, iandikwe kama gharama ya kuwa na nchi yenye watu pwani nzima. Viwanja vilivyo karibu sana na vikubwa, na ambavyo barabara ya mwaka mzima imeshajengwa na kufunguliwa, vinaweza kufungwa, kwa sharti la Narvik kinyume: barabara kwanza. Akiba itakayopatikana hapo isirudi hazina, itumike kurefusha njia za kurukia pale ardhi inaporuhusu, ili aina za ndege zinazotengenezwa leo ziweze kutua.

Mikataba ya ruzuku iliyoanza Aprili 2024 inaelekea ukingoni mwaka 2028. Zabuni zinazofuata zinaweza kuwa kama zilizopita, za miaka michache, ambazo hakuna shirika litakalothubutu kununua ndege mpya kwa ajili yake, kwa sababu mkopo wa ndege unadumu kuliko mkataba. Au serikali inaweza kutoa mkataba mrefu, na hata kununua ndege yenyewe na kuzikodisha kwa atakayeshinda, kama nchi nyingi zinavyofanya kwa treni. Njia hiyo ya pili ni ghali zaidi leo, na inaiweka serikali kwenye hatari ya kuchagua ndege isiyofaa. Hata hivyo ndiyo pekee inayompa mtengenezaji yeyote sababu ya kuchora ndege ya mita 800, maana shirika moja lenye mkataba wa miaka minne si mteja ambaye kiwanda kitamjengea kitu.